Kinanda Kilichoshuka Mtangawanda

Harusi za Pate za miaka ya 1980, zile za wenye uwezo, zilianzia Mtangawanda. Mashua ikitoka Amu (Lamu) hupita Mkanda, mfereji mwembamba uliobanwa na mikoko, na maji yakishatoka hapapitiki. Basi tulikaa pwani kungoja wapigaji, na kila tukiuliza tulijibiwa vile vile: "Maji yakiyaa watakuya."

Jenereta ndiyo iliyotangulia kushushwa. Ikafuata amplifaya, spika, kisha kinanda cha umeme kilichoviringishwa ndani ya mkeka. Vijana waliingia majini hadi kiunoni, mizigo vichwani, punda wakingoja ukingoni kwa mwendo wa kama saa moja hadi mjini Pate. Tashkota haikupewa mchukuzi. Mpigaji aliipakata mwenyewe.

Chombo hicho ni cha Japani. Goro Morita alikibuni Nagoya mwaka 1912: nyuzi za chuma, na juu yake vitufe kama vya taipureta. Mombasa wakakitia umeme wakakiingiza katika taarab, na anayetaka kukisikia vizuri amsikilize Zuhura Swaleh. Kikipita kwenye spika iliyochoka hutoa mlio mkali wenye mkwaruzo. Kwetu sisi watoto, bila mkwaruzo ule haikuwa taarab.

Usiku, uani kwa wanawake, jenereta ilikuwa na tabia zake. Ikikohoa, kinanda huzima. Ikizinduka, kinanda nacho huwaka, lakini kimesahau kila kitu: mpigaji alikuwa amekiweka sauti ya akodioni, sasa kinalia piano, na ngoma yake ya ndani inagonga mdundo wa Kizungu usiojua harusi ni nini. Yeye hubonyeza huku na huku gizani, anatafuta alipokuwa. Wanawake hawakumngoja. Walizishika vugo zao, zile pembe za nyati, wakazigonga kwa vijiti na wimbo ukaendelea. Kinanda kilipojipata kiliingia katikati yao, mdundo wake ukiwa nusu hatua nyuma, na hapo ndipo vigelegele vilipozidi. Mimi sijasikia tena muziki mtamu kama ule uliovurugika.

Zumari ndiyo iliyokishinda kinanda. Udi hauna vizuizi shingoni. Kwa udi wake Zein l'Abdin, mwana wa Amu, alikuwa akiifuata sauti popote ilipojificha. Lakini kinanda kina sauti zile kilizozaliwa nazo tu, na sauti ya zumari ya kirumbizi, ile ngoma ya fimbo, hukaa baina ya kitufe na kitufe. Wapigaji wetu hawakubishana nayo. Zumari ikipanda, walinyamazisha vitufe wakaiachia ngoma ya umeme peke yake.

Leo vijana huchanganya zumari na kompyuta, na wengi huinyoosha kwanza kwa programu ili ilingane na vitufe. Hapo ndipo wanapoiua. Waiache ilivyo, mashine ndiyo ikae kimya.

Na wewe uliye na kaseti za harusi za Pate, Siyu au Faza sandukuni, usizitupe kwa kuwa zinakwaruza. Zinakili kabla kuvu haijazila, pamoja na zile sehemu ambazo jenereta imezima.