Matanga ya Tangawizi

Kwetu Tanga mbwa analala nje. Anabweka usiku, analipwa makombo, na akifa anatumwa kijana akamfukie. Kesho yake hakuna anayetaja habari zake. Tena mimi nimelelewa Kishafii: mate ya mbwa ni najisi, na chombo alicholamba huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo nilipooa hapa Newtown, Birmingham, nikakuta sebuleni mbwa jike aina ya Staffordshire, kifua kipana kama bondia, nilimwambia mke wangu waziwazi kwamba mimi na huyu tutapishana tu. Akacheka. "Yeye ndiye mwenyeji," akasema.

Jina lake kwenye hati lilikuwa la Kiingereza. Tangawizi nilimpa mimi, kwa ile rangi yake, na aliliitika tangu siku ya kwanza.

Tuliishi kwa mipaka. Chumba changu cha kuswalia, kule juu, hakukikanyaga. Nilikuwa na suruali ya mbwa na suruali ya watu. Mzee mmoja msikitini nilipomweleza hali yangu aliniambia kwamba Wamaliki hawayaoni mate ya mbwa kuwa najisi, kisha akanikumbusha ile hadithi ya mtu aliyeteremka kisimani, akajaza maji kiatuni na kumnywesha mbwa mwenye kiu, Mwenyezi Mungu akamghufiria. Hakuongeza neno, akaenda zake kutawadha.

Nilikuwa natoka kazini alfajiri, kwa hiyo kumtembeza asubuhi kukawa kazi yangu. Newtown iko kaskazini tu mwa katikati ya jiji. Barabara kuu ya A34 inapita humo, na maghorofa yake mengi yalijengwa baada ya nyumba kuukuu za wafanyakazi kubomolewa, miaka ya 1950 na 1960. Unaweza kupanda lifti na mtu mwaka mzima msijuane hata jina. Lakini ukiwa na mbwa, watu humsalimu mbwa kwanza, kisha wewe. Tukishuka hadi kwenye mfereji, penye yale malango 11 ya Aston yanayoshusha na kupandisha mashua, wavuvi walimjua. Siku nyingine tulifika hadi Aston Park, chini ya jumba la Aston Hall lililomalizika kujengwa mwaka 1635, na wazee wa pale wakaniambia, tena na tena, kwamba mbwa wa aina hii ni wa nyumbani kabisa: asili yake ni huku kwa wahunzi na wachimba makaa wa Black Country, na mwaka 1935, mwaka uleule Kennel Club ilipoitambua, chama chake kiliundwa Cradley Heath. Walimsifu kama wanavyosifu mtoto wa mtaa aliyefaulu. Mimi nikawa "baba yake Tangawizi", wakilitamka hilo jina kwa shida. Niseme kweli, Uingereza sikuwahi kupewa cheo kizuri kuliko hicho.

Alipogonga miaka 14 alianza kunywa maji kupita kiasi. Bakuli likikauka analigonga kwa pua mpaka mtu ainuke. Mbavu zikaonekana. Vipimo vya damu vikaonyesha figo zimechoka, na viungo vya nyuma navyo vilikuwa vimekakamaa. Hapo ndipo penye mtego ambao wengi hawauelewi mpaka uwafike: dawa nyingi za kutuliza maumivu ya viungo hivyo huziumiza figo. Unachagua atembee au akojoe salama. Daktari alipunguza hiki, akaongeza kile, akampa chakula chenye fosforasi kidogo ambacho Tangawizi alikitazama kama mgeni aliyewekewa ugali bila mboga.

Kilichotusaidia kuamua ni karatasi. Daktari mmoja wa wanyama wa Marekani, Alice Villalobos, alitunga mwaka 2004 kipimo cha mambo saba: maumivu, njaa, maji mwilini, usafi, furaha, kutembea, na kama siku njema zinazidi mbaya. Kila moja unalipa alama 0 hadi 10, na jumla ikizidi 35 mnyama bado ana maisha yanayostahimilika. Mke wangu akaibandika kwenye friji, mimi nikawa naweka alama kwenye kalenda. Alipokuwa anatoa alama yeye huruma ilizidi, nilipotoa mimi zilishuka, tukawa tunabishana juu ya namba badala ya kubishana juu ya kifo. Hilo lilikuwa nafuu kubwa. Alama zikashuka, na ugomvi ukaisha wenyewe.

Kliniki walimnyoa manyoya kidogo mguu wa mbele, mahali padogo kama sarafu, wakaweka sindano. Daktari alitutahadharisha mapema: mwili unaweza kushtuka baadaye, na macho hayafumbi. Nilisikia, lakini mkono haukusikia. Kwetu maiti hufumbwa macho, basi nikayafumba. Yakafunguka. Nikayafumba tena. Daktari alinigusa bega akaniacha niendelee, na hapo ndipo nililia kwa sauti, mbele za watu, nikiwa nimevaa suruali ya watu.

Kumzika bustanini haikuwezekana bila idhini ya mwenye nyumba, kwani ardhi si yetu. Akachomwa, tukarudishiwa majivu kwenye kiboksi. Mtu wa Tanga na majivu! Nilikiweka mahali nisipokiona.

Tatizo langu halikuwa huzuni bali utaratibu. Msiba ninaoujua una mkeka, una kahawa, una watu wanaokaa bila kuulizwa, na kuna siku ya kuanua matanga ambapo unaruhusiwa kurudi duniani. Mbwa hana hayo. Mke wangu alipiga simu Blue Cross, ambao tangu mwaka 1994 wana huduma ya kuwasikiliza waliofiwa na wanyama, akaongea mpaka chai ikapoa. Mimi simu ya namna hiyo siiwezi. Ni mama mkwe, mzaliwa wa Jamaika, aliyeona ninavyozunguka jikoni. Akasema kwao wafu hukeshewa mpaka usiku wa tisa, na haoni kwa nini tusikae. Akaleta samaki wa kukaanga. Wavuvi wawili wa mfereji wakaja, na mzee mmoja wa Aston Park akaleta kadi. Tukakaa, tukamsema Tangawizi, mabaya yake na mazuri yake.

Nilipompigia mama Tanga na kumwamkia, akaitika marahaba, nikamweleza. Kimya. Kisha: "Mwanangu, umeoga?" Nikasema nimeoga. "Haya, pole. Alikuwa anakula nini?" Tukaongea juu ya hilo mpaka salio likaisha.

Alfajiri bado napita mfereji, mikono mitupu. Siku za kwanza nilijihisi mwizi, mtu anatembea saa kumi na mbili bila sababu. Wananisalimu vilevile.

Majuzi jirani kutoka Bukavu alinisimamisha karibu na maduka. Watoto wake wana mbwa mzee, na alikuwa anaona haya kuuliza. Nikamwambia aanze kalenda sasa, aulize bei ya kuchoma mapema kwa sababu siku yenyewe hatazisikia namba, na awaambie watoto kuhusu macho. "Na wewe ulilia, ndugu?" Nikamwambia nililia. Akasema siku ikifika atanipigia, ila huenda ikawa usiku. Nikamjibu usiku ndio saa zangu za kazi, apige tu.