Nafsi ya Mwimbaji katika Albamu ya Blue

Makala haya mafupi hayaleti nadharia mpya. Ni maungamo ya mhakiki aliyewahi kumsahihisha mwanafunzi mahali ambapo mwanafunzi ndiye aliyekuwa sahihi.

Albamu yenyewe ni Blue, iliyotolewa mwaka 1971 na Joni Mitchell, mtunzi na mwimbaji mzaliwa wa Kanada. Ina nyimbo kumi. Nne kati ya hizo, ukiwemo wimbo uliobeba jina la albamu, ameziimba kwa kujipigia piano mwenyewe, bila ala nyingine yoyote. Katika "River" piano inaanza kwa kugusagusa lahani ya "Jingle Bells", wimbo wa Krismasi ujulikanao hata kwetu, kisha lahani hiyo inapinda na kuingia majonzi kabla msikilizaji hajapata nafasi ya kushangilia. Maneno bado hayajaanza, na tumekwisha kuarifiwa kwamba sikukuu imemkuta mtu mpweke. Wenzetu wanaodhani kwamba maudhui ya wimbo yamo katika maneno peke yake wangefaa kuanzia hapo.

Albamu hii ilisifiwa kuwa ni ya mtunzi aliyejianika bila stara. Ajabu ni kwamba wimbo uliobeba siri kubwa kuliko zote, "Little Green", ndio ulioonekana haueleweki. Mhakiki wa jarida la Rolling Stone mwaka 1971 alilalamika kwamba mafumbo yake yamepita fahamu. Wimbo huo hauna piano. Ni gitaa na sauti tu. Unamzungumzia mtoto wa kike, unampa jina la rangi ya kijani, unataja karatasi za kutiwa saini.

Mimi niliufundisha mwaka 1991 katika semina ya fasihi linganishi. Nilieleza kwa kirefu kwamba kijani ni ishara ya uchanga na ya majira ya kuchipua kwa mimea. Mwanafunzi mmoja wa kike, ambaye kwa kawaida hakuwa msemaji, aliandika katika insha yake kwamba huyu ni mama anayemuaga mwanawe aliyemtoa alelewe na wengine, na kwamba jambo kama hilo halibuniwi. Nikaandika pembeni kwa wino mwekundu: "Nafsineni si mtunzi. Ushahidi uko wapi?" Nikampunguzia alama.

Mwaka 1993 habari zilitoka hadharani kwamba Mitchell alijifungua mtoto wa kike mjini Toronto mwaka 1965, wakati huo hana mume wala fedha, akamtoa alelewe na watu wengine. Mama na binti walikutana tena mwaka 1997.

Sisemi kwamba kanuni ya kumtenganisha mtunzi na nafsineni ni batili, ningali ninaifundisha. Ila hata kama habari zile zisingetoka kamwe, ushahidi niliokuwa nikiudai ulikuwamo ndani ya kazi yenyewe. Nani hutia saini karatasi juu ya mtoto, kisha akamwimbia kwa sauti ya chini namna ile? Nilichokosa si wasifu wa mtunzi bali usikivu. Hapa ndipo ninapojilaumu zaidi, maana nimelelewa Pwani. Shabiki wa taarabu hahitaji kufundishwa kwamba jina la ua au la ndege katika wimbo huenda lina mwenyewe. Mama zetu huinuka kutunza kwa ajili ya mstari mmoja tu, na ukumbi mzima ukajua umemlenga nani. Sikio hilo nililiacha nje ya mlango wa semina, nikaingia na istilahi.

Insha nilimrudishia pamoja na za wenzake. Aliipokea kwa mikono miwili, akasoma maneno mekundu akiwa amesimama, akasema, "Ahsante, Mwalimu." Sikumwuliza alijuaje. Katika mtihani wa mwisho kulikuwa na swali juu ya nyimbo. Yeye alichagua lile la utenzi.