Mnyororo Uliokatikia Timau

Mara ya kwanza kupita Timau peke yangu juu ya baiskeli ilikuwa mwaka 1991. Nilikuwa na Black Mamba ya mjomba: nyeusi, gia moja, breki za vyuma, keria pana ya kubebea gunia la viazi. Kutoka Nanyuki ni kama kilomita 20 tu, ila njia inapanda karibu muda wote, Kirimaara, yaani Mlima Kenya, ukiwa kuliani na mashamba ya ngano yakitelemkia nyanda kame za kaskazini kushotoni.

Karibu na soko mnyororo ukakatika. Sikuwahi hata kuingiwa na wasiwasi. Chini ya mti kando ya lami walikaa mafundi watatu, kila mmoja na kopo lake la grisi na karai la maji la kutafutia pancha. "Lete, mwanangu," alisema mkubwa wao. Akalaza mnyororo juu ya jiwe, akaitoa pini kwa msumari na nyundo, akaunga kipande cha mnyororo mkuukuu uliokuwa ukining'inia tawini. Nikalipa shilingi chache, nikashika njia.

Enzi hizo baiskeli ndiyo iliyobeba maziwa, makaa, kabichi na wagonjwa, kwa hiyo kila soko lilikuwa na mafundi wake. Mwaka 2008 serikali ikaondoa ushuru wa VAT kwenye pikipiki ndogo, na zikafurika. Siwezi kuzilaumu. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku, huko juu msituni, anaihitaji pikipiki kuliko mimi ninavyohitaji fundi. Lakini fundi wa baiskeli alikonda pamoja na kazi yake, na mimi niliyeendelea kuendesha sikuliona hilo mpaka Julai ya mwaka jana.

Nilitoka Nanyuki alfajiri, baridi ikiuma vidole, nikiwa na baiskeli ya gia 24 na mifuko miwili nyuma, nikielekea Meru. Kabla ya kuingia Timau, ule mkono wa nyuma unaohamisha mnyororo kutoka gia moja hadi nyingine ulipinda, ukaingia kwenye spoki, ukavunjika. Mnyororo ukakatika, spoki mbili zikang'oka, rimu ikaanza kuyumba. Nilikuwa na tyubu, viraka, gundi na pampu. Havikunisaidia kitu. Nikasukuma baiskeli hadi mjini, malori ya maua yakinipita.

Mti sikuuona. Palipokuwa na mafundi pana stendi ya boda boda, na kando yake kijana anayetengeneza pikipiki. Aliizunguka baiskeli yangu mara mbili. "Mzee, hii ya gia siijui," akasema. "Lakini mnyororo ni mnyororo."

Akaufungua ule mkono uliovunjika, akaufupisha mnyororo upite gia moja tu. Akaulaza juu ya kipande cha chuma, akachukua msumari na nyundo. Nilisimama pale nikimtazama, koo limenikaba. Nilipomwuliza alijifunzia wapi, alisema ni kwenye minyororo ya pikipiki. Kumbe ustadi ule wa mkono haukupotea wote. Ulihamia chombo kingine.

Kilichopotea ni ustadi wa kunyoosha rimu. Kuinyoosha kwa kukaza spoki hii na kulegeza ile, huku jicho likiifuata inavyozunguka, kijana yule hakujui, na hakuna aliyewahi kumwonyesha. Tulilegeza breki ya nyuma ili gurudumu lipate kupita, nami nikapanda kuelekea Kisima kwa gia moja, nikiisukuma baiskeli mwinuko ulipozidi. Baada ya kilele nikawa na breki ya mbele peke yake, hivyo kila mteremko mkali niliushuka nikitembea, hadi njia panda ya Subuiga, barabara ya Isiolo inapoachana na ya Meru. Nilifika Meru giza limeingia.

Asubuhi niliulizia fundi wa baiskeli kwa watu wanne kabla ya kuelekezwa kwa mzee mmoja. Aliigeuza baiskeli juu chini, akatia spoki mbili, akaizungusha rimu taratibu akiitazama. Ndani ya dakika 20 ilikuwa imenyooka kabisa. Hana mwanafunzi.

Walimu wa vyuo vya ufundi vya Meru na Embu, nawasihi: waiteni wazee hawa darasani, hata siku moja kwa wiki, wakati macho yao bado yanaiona rimu inapoyumba.