Sehemu ya 9: Matone kwenye boneti, na chupa iliyokuwa dirishani

Mama, leo sina somo la chanjo wala la uji wa lishe. Leo tunaongea gari. Najua utasema nesi kapotea njia, lakini kaa nami mpaka mwisho. Habari hii inaanzia kwenye boneti ya gari, na nusura iishie mdomoni mwa mtoto wangu.

Wale mlio nami tangu sehemu ya kwanza mnajua tulijibana sana mpaka kupata gari. Kagari kadogo, keusi, kametumika Japani kabla hakajafika bandari ya Dar. Baba watoto anabeba nalo abiria jioni akitoka kazini, kwa hiyo gari hilo ndilo ada, ndilo kodi, ndilo mboga.

Basi siku moja akarudi nyumbani anang'aa kuliko gari lenyewe. Kapaka seramiki. Shilingi 350,000. Hela hiyo kwenye daftari langu ilikuwa ya tangi la maji! Nikanyamaza, maana fundi alishamwambia maneno matamu: "Miaka mitatu hutafanya kitu bosi, ni maji tu."

Na kweli, wiki za mwanzo ilikuwa raha. Ukimwaga maji juu ya boneti yanajikunja kuwa vitone vya duara kama shanga, halafu yanateleza na vumbi lake. Binti yetu wa miaka mitatu akaugeuza mchezo. Kila jioni na kikombe chake: "Mama, angalia yanakimbia!"

Mwezi wa tano yakaacha kukimbia. Maji yakawa yanalala tu kwenye boneti, yanakauka pale pale na kuacha madoa meupe ya duara. Baba watoto akakosa amani. "Nimeibiwa, mama. Nimepakwa maji ya sabuni." Kijiweni wakampa tiba: kuna dawa ya kung'arishia rimu, inakata kila doa. Akapimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita. Haina lebo. Ndani ni kimiminika cheupe, kama maji uliyonunua dukani. Akaiweka dirishani barazani, aitumie Jumamosi.

Mimi nikatoka zamu ya usiku Jumamosi asubuhi. Nafika getini, namwona binti yangu kakaa chini barazani, chupa kaibana kwa magoti, kifuniko kakishika kwa meno. Anajaribu kukifungua. Kikombe chake kiko pembeni kinamsubiri. Alikuwa anataka kuona kama "maji" haya yatakimbia.

Sikumbuki nilivyofika. Nakumbuka mkoba wangu ulibaki barabarani. Kifuniko kilikuwa hakijafunguka, lakini chupa ilikuwa imevuja kidogo pembeni na vidole vyangu vikaanza kuwasha. Nikambeba mpaka kwenye bomba, nikamwagia maji mikono na mdomo, nikamvua gauni, nikaendelea kumwagia huku analia na mimi nalia. Kisha tukaenda hospitali akaangaliwe. Hakuwa amepata kitu. Alhamdulillah, na wewe sema kwa namna yako.

Kazini nimepokea watoto ambao kifuniko kilifunguka. Sitasimulia habari za mtoto wa mtu. Nitakwambia tu kinachotokea: midomo inavimba, mate yanachuruzika kwa sababu kumeza hakuwezekani, sauti inakwama. Na akipona, njia ya chakula inaweza kupona kwa kovu, ikabana, mtoto akaendelea kurudi hospitali kutanuliwa koo. Baadhi ya dawa za rimu zina asidi ya haidrofloriki. Hiyo inapenya ngozi, inavuruga kalsiamu mwilini, na maumivu yanaweza kuchelewa kwa saa kadhaa ukadhani mambo ni salama. Je, chupa yetu ilikuwa nayo? Sijui mpaka leo. Haikuwa na lebo. Hata daktari angefanya kazi gizani.

Jioni tukakaa. Nilikuwa na maneno mengi, na baadhi niliyasema. Baba watoto aliinamisha kichwa, akasema, "Mimi nilikuwa naokoa hela yetu." Hapo nikapoa kidogo. Maana nilimwelewa. Alidhani ameibiwa akiba ya familia, akashika dawa kali ya kwanza aliyopewa.

Nikamwuliza swali tunaloulizana wodini kila siku: "Ulipima kabla ya kutibu?"

Hakuwa amepima. Basi Jumapili tukapima pamoja. Nakuandikia tulivyofanya, kwa sababu huenda nawe mna gari uani na mtu wa kijiweni ana dawa yake.

Kwanza elewa seramiki ni nini. Si bati, wala si kioo kinene. Ni kimiminika chenye silika kinachopakwa juu ya lile tabaka la mwisho linalong'aa, mafundi wanaliita kliya. Kinakauka na kushikamana nalo. Unene wake kwa kawaida ni maikroni moja au mbili tu, wakati unywele wako mmoja una maikroni kama 70. Kinasaidia uchafu usigande na rangi isichoke haraka. Hakizuii jiwe la barabarani, wala pikipiki iliyokukwaruza kwenye foleni. Ile "9H" wanayokuandikia ni kipimo cha kukwaruza kwa penseli, siyo ugumu wa almasi.

Na hili ndilo baba watoto hakuambiwa: maji yakiacha kujikunja, haina maana seramiki imekufa. Mara nyingi imezibwa. Kwetu tunaoshea maji ya kisima, yana chumvi kama machozi. Yakikaukia juani yanaacha madini. Vumbi, mafuta ya barabarani na mabaki ya sabuni nayo yanaganda juu yake. Seramiki ipo chini, imevaa blanketi la uchafu.

Tulipima hivi:

1. Tulisogeza gari kivulini, tukasubiri bati lipoe. Tukaliosha vizuri kwa shampuu ya gari isiyo kali na isiyo na nta. Nta ni muhimu kuikwepa, kwa sababu nayo inafanya maji yajikunje. Ni sawa na kumpaka mgonjwa poda usoni halafu useme kapona.

2. Tukamwaga maji taratibu kwa jagi, sehemu kwa sehemu. Juu ya paa na milangoni yakajikunja! Kwenye boneti yakalala. Tayari tukajua fundi hakupaka maji ya sabuni.

3. Tukatafuta pa kulinganishia: kingo za ndani za mlango, ambako fundi hakupaka. Pale maji yalilala kama yalivyolala kwenye boneti. Kwa hiyo boneti ilikuwa na moja kati ya mawili: seramiki imekwisha, au imefunikwa.

4. Tukachagua kipande kidogo cha boneti, ukubwa wa leso. Tukachanganya siki nyeupe ya jikoni na maji, nusu kwa nusu, tukapaka kwa kitambaa laini, dakika moja hivi, bila kuacha ikauke. Tukasuuza kwa maji mengi, tukamwaga jagi tena.

Maji yakakimbia.

Baba watoto akacheka peke yake kama mtu aliyefufuliwa nduguye. Siki ya shilingi elfu mbili na kitu, iliyokuwa kabatini siku zote. Tukamalizia boneti kidogo kidogo. Siwadanganyi, haikurudi yote. Upande wa kushoto, unaolala chini ya mwembe, palikuwa na madoa ya kinyesi cha ndege yaliyokwishakula mpaka kwenye kliya. Pale maji bado yanalala, na fundi itabidi apasugue na kupapaka upya. Lakini ni kipande tu. Tungemwaga ile dawa ya rimu boneti nzima, huenda tungeumaliza na ule uzima uliobaki.

Sasa utunzaji. Hakuna miaka mitatu ya "hutafanya kitu". Nyumbani kwetu sheria sasa ni hizi:

Gari linaoshwa kila wiki mbili, mapema asubuhi au jioni, kamwe si juani. Ndoo mbili: moja ya shampuu, nyingine ya kusuuzia kitambaa, ili mchanga usirudi kwenye rangi. Sabuni ya unga imebaki kwenye nguo, na stilwaya imebaki kwenye sufuria.

Maji ya kisima hayaachwi yakauke yenyewe. Tunafuta mara moja kwa taulo laini. Maji ya mvua tuliyokinga yakiwepo, ndiyo tunasuuzia mwisho.

Kinyesi cha ndege na utomvu havilali. Kikionekana, kinaloweshwa, kinafutwa bila kusugua. Na gari limehama chini ya mwembe.

Kila baada ya miezi mitatu tunapima kwa jagi, sehemu zile zile, na baba watoto anaandika kwenye daftari: paa sawa, boneti sawa, kushoto bado. Mnaona? Nimempata muuguzi mwenzangu.

Na kwa wanaopaka upya: mwulize fundi gari likae siku ngapi bila maji na bila sabuni. Mara nyingi ni saa 24 bila maji na kama wiki nzima bila sabuni, lakini fuata maelezo ya chupa yake. Upakaji wenyewe ufanyike penye hewa, mbali na moto na watoto, kwa sababu vimiminika hivyo vina mvuke mkali na vinaweza kuwaka.

Sasa, mama, sehemu iliyonifanya niandike leo. Soma polepole.

Dawa yoyote ya kuoshea, iwe ya gari, choo, au mafuta ya taa, isiingie kwenye chupa ya maji, soda wala juisi. Hata kwa siku moja. Hata kama utaandika kwa kalamu. Mtoto wa miaka mitatu hasomi, anaona chupa ya maji. Ikae kwenye chombo chake, na lebo yake, juu, mlango umefungwa. Wakikupimia kwenye chupa ya maji, acha. Hiyo nafuu si nafuu.

Ikitokea ameinywa: usimtapishe. Kilichounguza kikishuka kitaunguza tena kikipanda, na mafuta ya taa yakitapikwa yanaweza kuingia kwenye mapafu. Mfute na kumsuuza mdomo, ateme. Usimlazimishe maziwa, mafuta wala mkaa. Chukua chupa yenyewe, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama anacheka. Ikimwagikia ngozi au jicho: vua nguo iliyolowa, mwagilia maji safi yanayotiririka dakika 20 bila kupungukiwa, kisha nenda. Usipake dawa ya meno wala asali.

Nilimwuliza baba watoto kama naweza kuandika haya. Akasema, "Andika. Ila waambie sikuwa mjinga, nilikuwa na haraka." Nimewaambia. Wengi wetu hatumwachii mtoto sumu kwa kutojali. Tunaiacha kwa haraka, katikati ya kuokoa hela ya nyumba.

Ile chupa sikuimwaga kwenye mtaro ambako watoto wa jirani wanachezea. Niliipeleka kwa waliomuuzia, nikiwa nimevaa glavu, nikawaeleza kilichotokea kwetu. Walinisikiliza kimya. Mmoja akasema ana mtoto wa miaka miwili. Wiki iliyofuata nikapita, nikakuta madumu yao yameandikwa kwa rangi nyekundu, chupa za maji hazipo.

Binti yangu bado anauliza kuhusu maji yanayokimbia. Jumapili tunampa kikombe chake, anamwaga, anahesabu matone mpaka kumi, halafu anaanza upya. Sasa kaelewa sheria moja: kabla ya kugusa chupa yoyote, anauliza, "Mama, hii ni yetu ya kunywa?" Akisahau yeye, chupa iko juu, haifikii.

Leo usiku, kabla hujalala, zunguka nyumba yako. Dirishani, chini ya sinki, nyuma ya choo, kwenye buti la gari. Tafuta chupa ya maji ambayo ndani hamna maji. Ukiipata, niandikie chini hapa neno moja tu: NIMEITOA. Na mpelekee baba watoto sehemu hii, yeye asome ya gari, wewe usome ya chupa.

Sehemu ya 10 Jumapili ijayo, inshallah. Tutaongea homa ya usiku.