Nilivyotumwa Nairobi Kununua Kabati la Pombe

Bibi mwenye nyumba ya wageni huko Shela, Lamu, ninakofanya useremala, aliniita barazani akanionyesha picha kwenye simu yake: kabati la kufika kifuani, milango miwili, ndani vioo, bilauri na taa. "La kale, si la juzi," akasema. "Niletee kutoka Nairobi. Wewe wajua mbao."

Mbao nazijua, nimelelewa katika vumbi lake. Pombe sijapata kuionja, na Nairobi sikuwa nimepata kuiona. Mama alipoambiwa natumwa nini, alikaa kimya mpaka chai ikapoa, kisha akasema, "Nenda mwanangu. Wewe wanunua mbao. Kitakachotiwa humo hakikuhusu."

Basi nikavuka kwa boti hadi Mokowe, nikashika basi la Mombasa, na kesho yake nikapanda treni ya Madaraka Express, ile iliyoanza mwaka 2017. Kupanda napanda natoka jasho, kushuka Syokimau nashuka natetemeka. Nairobi iko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na ulikuwa mwezi wa Julai. Usiku ule midomo ikanipasuka. Nikadhani ni baridi tu. Kumbe ni ukavu wa hewa, na ukavu huo ndio uliokuja kuniamulia kabati.

Siku ya kwanza mjini niliimaliza kwa kushangaa. Niliwaamkia watu wazima "shikamoo", wakanijibu "poa". Matatu zimechorwa nyuso za wacheza mpira, na ndani muziki unavuma kama ngoma ya harusi iliyofungiwa sandukuni. Nilipochoka kukwepa watu nikaingia msikiti wa Jamia kuswali adhuhuri. Nilipotoka, nikaona jirani yake jengo la nguzo nene, simba wawili wa mawe wakilinda mlango. Ni maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka 1931. Nikaingia, nikaketi, nikaanza kupapasa meza kwa chini, maana uso wa meza husema uongo lakini tumbo lake halisemi. Askari akaja kuniuliza nimepoteza nini.

Siku ya pili nikapanda namba 111 kwenda barabara ya Ngong. Nilikuwa nimeambiwa wako maseremala huko, lakini sikutarajia niliyoyaona: makochi, vitanda na makabati yamepangwa nje kando ya barabara, mengine yangali uchi yakingoja kitambaa, na nyundo zinaitikiana kama mafundi wa jahazi kule Matondoni. Nikamwonyesha kijana mmoja picha ya Bibi.

"Hiyo tu? Jumamosi unakuja kuchukua."

Nikamwambia nataka la zamani.

"Ndiyo, boss. Jumamosi unakuja kuchukua ya zamani."

Wala hakunificha siri. Mbao mpya hupigwa kwa mnyororo ili zipate makovu, hupakwa maji ya chai nzito, hulambishwa moto kidogo pembeni. Akanionyesha moja lililokwisha kuzeeka tangu Jumatatu. Lilinivutia, nakiri. Ila skrubu za bawaba zilikuwa na mkato wa msalaba, na skrubu za namna hiyo zilianza kuenea huko Marekani miaka ya 1930, tena zile zilikuwa zinang'aa kama meno ya mtoto. Tulicheka wote wawili. Akaninunulia chai.

Mchana nikafika Karen, kwenye nyumba aliyokaa Karen Blixen kuanzia 1917 hadi 1931, ambayo sasa ni makumbusho. Nilitaka kuona vyombo vya walowezi mahali pake. Huko nako nikaambiwa kwamba baadhi ya vitu vilitoka kwenye filamu ya 1985 iliyosimulia maisha yake. Nikazidi kuwa mtu wa kushuku.

Tangu safari ianze nilikuwa najiuliza: kabati la pombe ni kitu gani hasa? Kwetu Lamu kitu cha thamani kina mahali pawili. Ama kinakaa kwenye kidaka ukutani, mgeni akione, ama kinalala ndani ya kasha lenye misumari ya shaba, mgeni asikione. Jibu nililipata siku ya tatu, Lavington, dalali aliponipeleka kwa mama mmoja mtu mzima aliyekuwa anahama. Bustani yake ya miti mikubwa ilikuwa imekwisha kuuzwa. Majirani kushoto na kulia wamegeuka maghorofa.

Kulikuwa na makabati mawili. La kwanza lilipendeza mno, rangi ya tende mbivu, mistari ya mbao inakwenda kama mawimbi. Lakini mawimbi yale yalikuwa ngozi tu: karatasi ya mbao nzuri iliyobandikwa juu ya mbao duni. Gundi ya zamani ilichemshwa kutokana na ngozi na mifupa ya wanyama, na haipatani na unyevu. Hapa Nairobi, kwenye hewa ile iliyonipasua midomo, imeshika miaka mingi. Shela, kaskazi mbili tatu tu, ingebambuka kama ngozi ya mtu aliyelala juani. Nyuma kulikuwa na vitundu vya kubunguliwa, na nilipoligonga, unga mpya ukamwagika. Unga mpya maana yake mwenyewe angali yumo ndani anakula.

La pili lilikuwa zito, jeusi kwa vanishi, halina mbwembwe. Nikafungua milango na taa ikawaka yenyewe. Kioo nyuma, kioo kushoto, kioo kulia, na mimi nimo mara tano na kofia yangu, natazamana na mimi mahali pa chupa! Nikafunga. Nikafungua tena. Mama akaniacha nicheze. Ndipo nikaelewa: likifungwa ni kasha, likifunguliwa ni kidaka.

"Na kitasa hiki kikubwa?" nikamuuliza.

"Cha kumzuia mpishi," akasema. Enzi za ukoloni sheria ilimkataza Mwafrika pombe kali za Kizungu. Alizibeba kwenye sinia, basi. Marehemu mumewe alilinunua kwa Mzungu aliyeondoka mwaka wa Uhuru, na jambo la kwanza alilofanya ni kuuacha ufunguo kitasani mchana kutwa.

Dalali akadakia kwamba ni kabati la Uingereza, shilingi 90,000. Nikavuta droo nikaipindua. Viungo vya pembe vimeshikana kama vidole vya mikono miwili, havilingani sawasawa, kwa hiyo vilikatwa kwa mkono. Nikakwaruza kidogo pasipopakwa vanishi: rangi ya manjano ikielekea hudhurungi. Mvule! Mti ambao vijiwe vyake vimenilia misumeno mingapi sijui. Mvule hauoti Uingereza. Na chini kabisa, kwa penseli, tarakimu kama zile nilizoziona kwenye daftari la duka la Mhindi mmoja Mombasa, za Kigujarati. Fundi wa Kihindi, yumkini wa hapa hapa Nairobi.

Nilisema niliyoyaona, na bei ikashuka hadi 55,000. Sijivunii sana. Kwangu mimi habari ile ilikuwa imelipandisha thamani, nami nikaitumia kulishusha. Mama aliinama akazitazama zile tarakimu kwa muda mrefu. "Miaka yote hii tukiwaambia wageni ni ya London," akasema, akacheka hadi akajifuta macho. Akanifungia ufunguo kwenye kitambaa.

Mkokoteni, pikapu, kisha ofisi ya mizigo ya basi, mjini. Karani alitaka kujua nini kimo ndani ya yale magunia na kamba.

"Kabati," nikamwambia.

"Ya nini?"

"La mvule."