Buibui chumbani: ndimu inanukia tu, fagio ndilo dawa

Msomaji wangu, buibui ninayemzungumzia wiki hii si lile vazi la dada zetu wa pwani. Ni yule mwenye miguu minane, anayejenga kwenye kona ya dari bila kulipa kodi, wakati wewe mwenye nyumba anakugongea kila mwisho wa mwezi.

Mimi naishi chumba kimoja, Manzese, na mdogo wangu wa darasa la tatu. Mtoto huyu ana pumu. Wapangaji wenzangu wakiona utando wanakimbilia dawa ya kopo, wanapuliza, wanafunga mlango, kesho yake kimya. Nikipuliza mimi, usiku mzima nitakesha na mtoto anayetafuta pumzi. Mafuta ya taa ndiyo usiseme kabisa!

Basi bwana, kila mtu ana dawa yake. Shangazi anasema sugua maganda ya ndimu madirishani. Jirani anasema karafuu. Mama mwenye nyumba anasema siki. Lakini mwaka 2018 wataalamu walichapisha majaribio yao: waliwapima buibui wa aina tatu kwa mafuta ya limau na ya mnanaa. Limau halikuonyesha kuwafukuza. Mnanaa uliwakimbiza vizuri wa aina mbili.

Hapo ungedhani nimepona, eti? Wapi! Harufu kali, hata ya majani, inaweza kumwamshia mtu pumu. Kitu kuwa cha asili haina maana kwamba kila kifua kitakipokea. Kwa hiyo mnanaa kwangu unaishia kwenye chai.

Dawa yangu ni hii. Kila Jumamosi, mtoto akiwa nje anacheza, nafunga kitambaa kibichi kwenye ufagio wa mti mrefu, vumbi lisiruke. Napitisha darini, nyuma ya kabati na chini ya kitanda. Nazoa utando pamoja na vile vifuko vya mayai, maana kimoja kinaweza kuwa na mayai zaidi ya mia. Nyufa naziba, dirisha lina wavu, na taa ya nje nazima mapema. Taa inaita wadudu, na wadudu ndio ugali wa buibui. Akikosa chakula, atahama mwenyewe.

Ila wale wadogo wanaorukaruka bila kutega utando, nawaacha. Kule kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, ipo aina moja inayopendelea mbu jike aliyeshiba damu kuliko mawindo mengine. Wataalamu waliieleza mwaka 2005. Sisemi wa Manzese ni ndugu yake. Chandarua bado tunalalia kila siku, lakini mlinzi wa ziada asiyedai mshahara, nani anamfukuza?

Haya, Jumamosi ndiyo hiyo inakuja. Shika fagio, tukutane wiki ijayo.