Nani Anamtafuta Nani?



Mafrateri wenzangu huniuliza kwa nini najisumbua na Kijerumani, lugha ya der, die na das, wakati Kant anapatikana kwa Kiingereza. Huwajibu kwamba sisi watu wa Njombe Kijerumani tunacho mdomoni tayari. Kondakta wa Makambako akidai hela, anataja Heller, sarafu ya enzi za Wajerumani. Tangu mwaka 1904, heller 100 zilikuwa rupia moja. Na neno shule limetokana na Schule.

Kwao Heller ni nomino ya kiume, Schule ni ya kike. Yalipofika kwetu, maneno yote mawili yaliingia ngeli moja: hela hii, shule hii. Anayelalamika kwamba jinsi za Kijerumani hazieleweki akumbuke kwamba sisi tunasema mti mzuri, kiti kizuri, jiwe zuri, na hatuoni ajabu. Ila kuna tofauti. Mjerumani humwita msichana das Mädchen, jinsi isiyo ya kike wala ya kiume, kwa sababu neno linaishia na -chen. Sisi husema kijana mwema, hatusemi kijana chema, kwa kuwa ni mtu. Wabenedikto waliotoka Ujerumani na kufika Peramiho mwaka 1898, na baadaye Uwemba hapa kwetu, nao walikutana na ngeli zetu.

Miisho ya vivumishi ina utaratibu wake. Mtu maskini ni der arme Mensch, lakini pia ein armer Mensch. Der imekwisha kuonyesha kwamba nomino ni ya kiume na ndiyo mtenda, hivyo kivumishi kinatosheka na -e. Ein haionyeshi, basi kivumishi kinabeba -er. Ni kama kazi ya jumuiya: mzigo aliouacha mmoja, jirani yake anaubeba.

Kilichonigusa zaidi ni uhusika, ambao tuliosoma Kilatini tunaufahamu. Kwa Kiswahili, "Mungu anamtafuta mwanadamu" na "mwanadamu anamtafuta Mungu" zina kitenzi kilekile. Mpangilio wa maneno ndio unaotuambia nani mtenda. Kwa Kijerumani, Der Mensch sucht Gott maana yake mwanadamu anamtafuta Mungu. Badili der iwe den, useme Den Menschen sucht Gott, na sasa Mungu ndiye anayetafuta, ingawa mwanadamu bado ametajwa kwanza.

Masomo ya falsafa yana siku zake. Hoja za kuwapo kwa Mungu huweza kusomeka kama hesabu, na sala ikawa kavu. Parokiani watu hutuambia, "Frateri, hongera, umemchagua Mungu." Katika siku kavu maneno hayo hunielemea, maana yananifanya mimi kuwa mtenda, na nguvu zangu nazijua. Lakini Mtakatifu Yohane anatufundisha kwamba Mungu ndiye aliyetupenda kwanza. Hata ninapojiona niko mwanzoni mwa sentensi, naweza kuwa mtendwa, yule anayetafutwa.

Kwa hiyo nasoma miisho hiyo kwa uangalifu kuliko mtihani unavyodai. Nawe ndugu msomaji, sala ikikauka, jiulize kwanza nani anamtafuta nani. Mtuombee.